HESABU IANZIE KITANDANI (Sehemu ya 4)

Tuendelee.

Kutoka Amsterdam mpaka KIA ni karibu kilomita 6,900. Ndege isiyotua njiani inatumia kama masaa 8 na nusu. Mgeni anakula, analala, anaamka, Kilimanjaro hii hapa.

Sasa sikia safari nyingine. Masika moja tulimpokea mama kutoka bonde la Yaeda, uchungu umekwama. Nikamuuliza shemeji yake aliyemleta, tukahesabu. Masaa 4 walimsubiri mume arudi mnadani atoe ruhusa. Masaa 2 walitafuta piki yenye mafuta. Masaa 3 njiani, korongo limejaa, wakamvusha kwa kumbeba. Jumla masaa 9. Mgeni wa Amsterdam angekuwa ameshatua!

Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Wengi mnaniambia, "Sista, dawa ni ndege." Siipingi ndege. Haydom kuna kiwanja kidogo. Mpaka Arusha kwa barabara ni karibu kilomita 300, angani ni kama 200 tu, saa moja hivi kwa ndege ndogo. Ila hiyo hesabu inaanzia kiwanjani. Ya mgonjwa inaanzia kitandani. Yale masaa 6 ya kwanza, kabla hata safari haijaanza, ndege ingeyapunguzaje? Na kiwanja kisicho na taa hakitumiki usiku, wakati uchungu hauchagui saa.

Maoni yangu ndo haya: kudai lami, madaraja na ndege ni haki yetu, tuendelee kudai. Lakini masaa mengine tunayapoteza wenyewe, nyumbani, tumekaa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya masaa 2. Mawili tu jamani! Hapo hakuna muda wa kumsubiri mtu mnadani.

Kwa hiyo baba, na wewe mama mkwe, msingoje siku ya uchungu:

1. Ruhusa itolewe leo. Mama akizidiwa, aliyepo nyumbani aamue, asisubiri mtu.

2. Namba ya dereva iwe kwenye simu, na hela ya mafuta iwekwe pembeni.

3. Piga 115. Ni bure. Ndiyo namba ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

4. Unakaa ng'ambo ya korongo? Mama asogee kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki 2 au 3 kabla ya tarehe yake.

Leo kabla ya kulala, pima safari ya kwako. Toka kitandani mpaka mlango wa wodi, usiku, mvua inanyesha. Ni masaa mangapi? Niandikie hapa chini, usinidanganye.

Sehemu ya 5 tutaongelea kuchangia damu. Usiku mwema.