Kukaanga Karanga Nyumbani: Kazi Iko Kwenye Ungo



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi,

Mvua zikishika hapa Gisenyi na ubaridi wa ziwa ukiingia, nyumba nyingi hukaanga karanga jioni. Ni jambo jema. Karanga zinashibisha, bei yake si kubwa, na watoto hukaa karibu na wazazi wao. Lakini tuna neno la kusema: kazi kubwa ya kukaanga karanga iko kwenye ungo, kabla sufuria haijapanda jikoni.

Karanga zisipokaushwa vizuri baada ya kuvunwa, au zikihifadhiwa penye unyevu, huota ukungu. Aina fulani ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga, na kutokana na msiba huo wataalamu wakaigundua sumu hii. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo, na 125 wakafariki. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku moja, bali ini lake huharibika na anaweza kupata saratani ya ini. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B.

Wengi wetu hudhani moto husafisha kila kitu. Moto huua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya karanga hupungua tu, haiishi. Chumvi nayo haiiondoi.

Basi tufanye hivi. Tununue karanga nzima nzima, tusinunue unga uliokwisha kusagwa, kwani kilichosagwa hakichambuliki. Tuzimwage kwenye ungo penye mwanga. Tuondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Kisha tukaange kwa moto wa wastani huku tukikoroga bila kuacha, na tuziepue kabla hazijawa nyeusi, kwa sababu joto lake huendelea kuziivisha. Zikipoa kabisa tuzitie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Tukiwa tunatumia jiko la makaa, tusikaangie ndani ya chumba kilichofungwa. Na watoto wadogo wasipewe karanga nzima, maana huwapalia.

Wako watakaosema kwamba kutupa chakula ni israfu. Tunawaelewa, kwani riziki ni ngumu. Lakini sumu si chakula. Israfu ni kuacha karanga nzuri zioze kwenye gunia lililowekwa sakafuni penye maji. Wala zile mbovu tusizisage kwa ajili ya sombe, wala tusimpe ng’ombe wa maziwa, maana sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa.

Na ndugu zetu wenye kuuza karanga, neno hili linawahusu zaidi. Katika hadithi aliyoipokea Imaam Muslim, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake na akakuta unyevu ndani. Mwenyewe akajitetea kwamba kilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akamkanya kila mwenye kudanganya. Anayekaanga karanga mbovu hadi ziwe nyeusi ili kasoro isionekane, ajipime kwa mizani hiyo. Mnunuzi wake mkubwa ni mtoto atokaye shule.

Kwa hiyo ungo na utoke leo, na watoto wafundishwe kuchambua. Anayejua kutenganisha nzuri na mbovu mezani kwao, sokoni hatadanganyika kwa urahisi.

Wabillaahi tawfiiq.