Anga Si Jaa la Wakubwa

Tarehe 30 Desemba, 2024, pete ya chuma yenye upana wa meta mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Hapana aliyepoteza maisha. Lakini bahati si ulinzi, na wakulima wa Mukuku hawajapata kurusha roketi hata moja.

Hatari kubwa zaidi ni ile iliyobaki juu. Mabaki ya vyombo huizunguka dunia kwa mwendo wa kilometa saba hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo kipande kidogo kama gololi chaweza kuharibu setilaiti nzima. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Donald Kessler, alionya kwamba mgongano mmoja utazaa mingine. Mwaka 2009 setilaiti ya Marekani na setilaiti mbovu ya Urusi ziligongana juu ya Siberia, zikaacha maelfu ya vipande.

Hiyo ilikuwa ajali. Je, yale ya makusudi? Mwaka 2007 China ililipua setilaiti yake yenyewe kwa kombora. Vipande zaidi ya 3,000 vikatapakaa. Urusi ilifanya vivyo hivyo mwaka 2021. Marekani na India nazo zimekwisha kufanya majaribio ya namna hiyo. Mafahali wanapopimana nguvu, nyasi ndizo ziumiazo: utabiri wa mvua, onyo la kimbunga kwa wavuvi, na mawasiliano ya simu vyategemea setilaiti hizo hizo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1972 unalitaka taifa lililorusha chombo lilipe hasara inayotokea ardhini. Setilaiti ya nuklia ya Urusi ya Kisovieti ilipoanguka Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai fidia ya dola milioni sita, ikalipwa tatu. Ikiwa taifa tajiri liliambulia nusu, kijiji cha wakulima kitapata nini? Tena mkataba huo wazungumzia malipo tu. Haumlazimishi yeyote kuzoa taka alizoziacha juu.

Kwa hiyo hapana budi nchi zinazoendelea ziseme kwa sauti moja katika Umoja wa Mataifa: majaribio ya kulipua setilaiti yapigwe marufuku, na anayechafua anga aisafishe kwa gharama yake. Mkataba wa mwaka 1967 ulitamka kwamba anga ni kwa manufaa ya nchi zote. Mali ya wote haiwezi kuwa jaa la wachache.