MDOGO WANGU HADEKI

Ndugu msomaji, ukishuka matatu jioni Barabara ya Jogoo karibu na Soko la Burma, pua yako ndiyo itakayokuongoza. Mbuzi wananing'inia kwenye ndoano, mutura inachomwa, na samaki wanakaangwa katika makarai makubwa makubwa. Soko hili lina jina la vita, kwani wazee wetu wa King's African Rifles walipigana huko Burma mwaka wa 1944. Lakini mimi nikilisikia hukumbuka chipsi.

Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 9, hali samaki. Akionja tu, midomo inavimba. Kwa hivyo siku ile nilimnunulia chipsi tupu. Kumbe mwenye kibanda alikuwa ametoka kukaanga mbuta katika mafuta yayo hayo! Hata hatujafika Makongeni, kijana alianza kujikuna, mwili ukajaa mabaka, uso ukafura, kisha kifua kikaanza kulia kama filimbi.

Watu walikusanyika na kila mmoja akawa daktari. Mama mmoja akasema apewe maziwa yaue sumu. Mwingine akasema ni jicho baya. Kijana fulani naye, ati, "Huyo azoeshwe tu!" Mwenye bodaboda hakungoja mjadala uishe. Tulipofika zahanati, muuguzi alimdunga sindano ya adrenalini pajani, na baada ya dakika chache akaanza kupumua vizuri.

Huo ni mzio, ambao wengi wetu twauita aleji. Si sumu wala chakula kilichooza. Kinga ya mwili hukosea, ikakiona chakula kizuri kuwa adui, ikaanza kupigana nacho. Moto wa karai hausaidii, kwa maana protini ya samaki inayoleta balaa hili hustahimili joto na huweza kubaki katika mafuta. Wako hata wanaobanwa na kifua kwa mvuke wa samaki anayekaangwa. Sasa mtu kama huyo utamzoesha vipi kwa nguvu? Utamzika.

Kinachoniudhi zaidi ni neno "kudeka". Hapa shuleni mtu akikataa yai au njugu, mezani anaulizwa, "Kwani kwenu mnakula nini?" Naomba walimu wetu wawaulize wazazi kila mwanafunzi mpya anapoingia, na mpishi aambiwe. Karai la omena lisikaangiwe kitu kingine. Nao mama zetu wa Burma siwaambii wafunge biashara, la hasha! Ninachotaka ni jibu la kweli mteja anapouliza mafuta yamekaanga nini.

Tukiwa hapo, tuache pia kuusingizia mjakaranda. Maua yake ya zambarau yakianguka mwezi wa Oktoba, kila mwenye mafua huulaumu. Chavua ya mjakaranda hubebwa na wadudu. Ile inayopeperushwa na upepo hadi puani aghalabu ni ya nyasi, hizi zinazoota kando ya reli baada ya mvua.

Walakini nisieleweke vibaya, wazazi wakaanza kuwanyima watoto wachanga kila kitu. Utafiti uliofanywa London na kutolewa mwaka wa 2015 uliwafuata watoto 640, walioanza wakiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 11. Waliolishwa njugu mapema walipata mzio wa njugu kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Kwa hivyo uji wa njugu wa nyanya zetu haukuwa ujinga. Ila mtoto ambaye tayari amewahi kuvimba, huyo ni wa daktari, si wa kujaribiwa jikoni.

Jumamosi iliyopita tulipita Burma tena. Mdogo wangu mwenyewe aliuliza, "Mama, mafuta haya yamepika samaki?" Yule mama akacheka, akalitazama karai lake, akasema, "Ndiyo, mwanangu, asubuhi." Tukanunua ndizi, tukaenda zetu.