Huyo ni mtoto wa mbwa, si ng'ombe

Wasee, tuongee kuhusu hii tabia ya kuosha watoto wa mbwa na dawa ya ng'ombe. Hapa Kapsoya naiona sana wikendi. Mtu ameletewa kambwa ka wiki sita, kadogo kanatoshea kwa kofia, na kabla hata hajakapatia jina ashakatumbukiza kwa karai la maji baridi yenye dawa ya kupe. Eti kananuka. Eti kana viroboto. Mimi nasema tunaua hawa wanyama kwa usafi, halafu tunasingizia parvo.

Naelewa imetoka wapi. Uasin Gishu ni kaunti ya maziwa. Wengi wetu tumekua tukishikilia ng'ombe akipuliziwa dawa na pampu ya mgongoni, na kupe wanaanguka kweli. Kwa hivyo mbwa akipata kupe, kichwa tayari kina jibu: ile chupa ya nyumbani. Shida ni hesabu. Ng'ombe mzima ana kilo 300 na zaidi, huyo wako hana hata 3. Maagizo kwa chupa yameandikiwa ng'ombe, na wewe unapima na kifuniko, kwa macho.

Nyingi ya hizo dawa zina amitraz. Ikiingia mwilini kupita kiasi, mbwa anasinzia, anayumba kama amelewa, moyo unapiga polepole, mwili unapoa. Na itaingia tu, kwa sababu mtoto wa mbwa akilowa anajilamba kila mahali. Parvo kwa kawaida inakuja na kutapika na kuhara damu. Kama amelala tu, mwili baridi, masaa machache baada ya kuoga, anza kwa kuuliza alioshwa na nini. Najua kuna mtu atasema veti alimpakia mbwa wao amitraz na akapona upele. Sawa, hutumika. Lakini huyo alikuwa mbwa mkubwa, na aliyepima kipimo ni mtu aliyesomea.

Halafu kuna wale wa oili chafu ya gereji. Manze, hiyo nayo acheni kabisa. Oili haitibu upele, inachoma ngozi, na ikilambwa ni sumu. Isitoshe, upele si mmoja. Kuna ule wa vijidudu ambavyo mtoto hupata kwa mama yake siku za kwanza za maisha, na huo hauambukizi watu. Kuna mwingine utaanza kukuwasha hata wewe mwenye mbwa. Kwa macho unaweza kuvichanganya. Veti anakwaruza ngozi kidogo na kuangalia kwa hadubini.

Turudi kwa harufu, maana ndiyo inafanya watu wakimbilie karai. Mara nyingi kinachonuka ni gunia analolalia. Limelowa mkojo, halijafuliwa tangu aletwe. Ukimuosha na kumrudisha hapo, kesho ananuka vilevile, na mayai ya viroboto yako kwa hilo gunia yakisubiri. Fua matandiko kwanza, yaanike jua kali. Mbwa mwenye afya anaweza kukaa hata mwezi bila kuoga.

Kabla ya wiki nane mimi singemuogesha kabisa. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kinatosha, umpanguse na umkaushe. Hatuko Mombasa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa mbwa bado hajui kujipasha joto vizuri. Akifikisha umri, muogeshe mchana jua likiwa juu, kabla mvua ya jioni haijaanza kunguruma. Maji pima na kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Usimwage masikioni. Sabuni ya unga hapana, hata ile yako ya kuogea hapana. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na haina asidi kama yetu, itakauka na aanze kujikuna. Tafuta shampuu ya mbwa, kisha suuza mpaka uchoke, maana sabuni ikibaki inawasha.

Wenye Japanese Spitz, nyinyi mna kazi ya ziada. Chana manyoya kabla ya maji, kwa sababu mafundo yakilowa yanakaza. Na yule ana tabaka mbili za manyoya: juu utadhani amekauka, kumbe chini bado ni maji. Taulo mbili, na umpanguse hadi kwa ngozi.

Viroboto navyo visipuuzwe, wakiwa wengi wanaweza kumaliza damu ya mtoto wa mbwa. Kuna dawa zinazofaa umri wake. Muuzaji mzuri atakuuliza ana wiki ngapi na kilo ngapi. Asipouliza, enda duka lingine. Na kama kuna mtu ashamuosha na ile ya ng'ombe, msuuze sasa hivi na maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mkaushe, mfunike asijilambe, mpeleke kwa veti. Beba na chupa.