Sukari Haitoshi: Mzee Aliye Makazini Anahitaji Sheria

 

Ndugu Waislamu, unapoingia mwezi wa Ramadhani watu wa kheri huyakumbuka makazi ya wazee: Mwanzange mjini Tanga, Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Sebleni na Welezo kule Unguja. Hushushwa sukari, mchele, tende na sabuni. Dua huombwa, picha hupigwa, magari huondoka. Sadaka hiyo ni njema, na mwenye kuitoa kwa ikhlasi ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini tuulizane: magari yakishaondoka, mzee yule anabaki na nini mkononi? Akinyimwa dawa, akitukanwa au kupigwa, shamba aliloliacha kijijini likiuzwa bila idhini yake, atashika andiko gani na atalipeleka kwa nani?

SERA SI SHERIA

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ikazungumzia matibabu, matunzo na ulinzi wake. Miaka 20 ikatimia mwaka 2023, na Tanzania Bara ilikuwa bado haijatunga Sheria ya Wazee. Ndugu zetu wa Zanzibar walitangulia: mwezi Aprili 2016 walianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya mambo ya wazee.

Atasema msemaji: Katiba ipo. Naam, ipo. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Anayeisoma peke yake hufurahi. Na arudi nyuma aisome Ibara ya 7, ibara ndogo ya pili: humo ataona kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Mzee huyu ni mfano wa mdai aliyepewa hati ya deni, kisha akaambiwa kwamba hakuna kadhi atakayeipokea!

Linganisheni na mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Wenye kulea mayatima katika taasisi zetu wanalijua hilo, kwani wamedaiwa leseni hiyo. Je, mzee asiyeweza kugeuka kitandani ana nguvu gani zaidi ya mtoto hata aachiwe huruma peke yake?

"HAYO SI YETU"

Wapo ndugu wanaosema: makazi ya wazee ni desturi ya wasioamini, Muislamu hamtupi mzazi wake, kwa hiyo kudai sheria ya makazi hayo ni kuyahalalisha. Mwanzo wa maneno haya ni haki, na mwisho wake ni dhulma.

Ni haki, kwa sababu Ibn al-Mundhir amenukuu ijmaa ya wanavyuoni kwamba wazazi mafukara wasio na chumo wala mali, nafaka yao ni wajibu juu ya mtoto wao. Na katika Surat al-Israa, aya ya 23, uzee wa wazazi umetajwa pamoja na neno "indaka", yaani kwako wewe, si kwa mwingine. Mwenye uwezo akimpeleka mzazi wake makazini ili apumzike naye, huyo hana hoja mbele ya Mola wake.

Ama dhulma, ni kuwasahau wasio na wa kuwachukua. Si kila mzee aliyemo humo ametupwa na mwanawe. Wapo waliokuja mkoa huu wa Tanga ujanani kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakazeeka mbali na ukoo wao. Wapo waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi. Wapo waliowazika watoto wao. Na hapa kwetu Vuga, vijana wameteremka kwenda kutafuta riziki Tanga na Dar es Salaam. Bibi amebaki mlimani na mzigo wake wa kuni. Akianguka leo, nani kati yetu amejiandaa kumpokea?

Isitoshe, Uislamu umewaamrisha jamaa wamlee yatima. Je, uliacha kuweka hukumu za mali yake? Katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, walii anapomkabidhi yatima mali yake ameamrishwa aweke mashahidi, japokuwa huenda ni ami yake. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 282, waumini wameagizwa waandikiane deni. Ikiwa deni la pesa linaandikwa baina ya watu wanaoswali safu moja, vipi mwili wa mzee na umri wake uliobaki uachwe bila maandishi?

HUKUMU, SI HISANI TU

Abu Yusuf, kadhi wa Harun ar-Rashid, amepokea katika Kitabul-Kharaj kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alimkuta mzee kipofu akiomba, naye ni Myahudi. Alimchukua nyumbani kwake akampa kitu. Lau angeishia hapo, ingekuwa sadaka. Lakini alimpeleka kwa mtunza Baitul Mali, akaamrisha yeye na walio mfano wake waangaliwe, na akawaondolea jizya. Tazameni: hisani ya mtu mmoja iligeuka hukumu ya dola, wala dini ya mzee haikumzuilia haki yake. Na Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, haki za wagonjwa ziliandikwa katika hati ya wakfu.

Basi tunadai nini? Tunadai sheria yenye mambo haya:

1. Makazi yote, ya serikali, ya dini na ya watu binafsi, yasajiliwe na yakaguliwe bila taarifa.
2. Mzee aingie kwa ridhaa yake na kwa mkataba anaosomewa katika lugha anayoifahamu.
3. Mali na shamba lake visiguswe pasipo idhini yake mbele ya mashahidi.
4. Aabudu kwa dini yake, ale chakula chake cha halali, aoshwe na mtu wa jinsia yake, na akifa azikwe na watu wa dini yake. Haki hii ni ya Muislamu katika makazi ya wengine, na ya asiyekuwa Muislamu katika makazi tutakayojenga sisi.
5. Awepo mpokea malalamiko aliye nje ya makazi, na mwenye kumdhulumu mzee afikishwe mahakamani.

Haya si mageni. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwa sheria kwamba kuishi makazini ni hiari, na kwamba matunzo humo yanafikia viwango vya taifa.

Enyi masheikh na maimamu, lisemeni jambo hili katika khutba za Ijumaa, na mbunge akija msikitini kusalimia mumuulize. Enyi wapeleka sukari, endeleeni kuipeleka, lakini siku hiyo ombeni pia kuonyeshwa daftari la malalamiko, na kama halipo, semeni. Enyi vijana mlioko mijini, pandeni mlimani kabla hamjapigiwa simu ya msiba.