Anayesogea ndiye atozwe zaidi?

Jamani, kuna maneno yanayonikera, na mojawapo ni haya ya "raha ndogondogo za kuishi kwenye boti". Kila kiangazi kikiingia Uingereza, magazeti na televisheni hutuletea picha ileile: boti nyembamba ya kijani na nyekundu, birika linafuka mvuke, maua kwenye paa, bata wanapita zao. Kisha wauza nyumba nao wanaichukua picha hiyohiyo na kuibandika kwenye matangazo ya fleti "zinazotazama mfereji". Boti ya mtu imegeuka pambo la dirisha la mtu mwingine!

Sisemi kwamba raha hakuna. Ipo, tena tele. Ninachopinga ni kuisifia raha hiyo huku wanaoifanya iwepo wanazidi kukamuliwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona mifereji hii, tuelewane kwanza. Ilichimbwa zaidi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya reli, ili kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Mfereji wa Bridgewater ulianza kazi mwaka 1761. Leo sehemu kubwa ya njia za maji za England na Wales, kama maili 2,000, iko chini ya taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012 kutoka shirika la umma la British Waterways. Boti zenyewe zina upana wa futi 7 hivi, na nyingine zinafika urefu wa futi 70. Ukiingia ndani ni kama behewa la treni: jiko, meza, kitanda, vyote vimepangwa mstari mmoja.

Sasa, raha yenyewe iko wapi? Iko kwenye mambo ambayo mwenye nyumba ya kawaida hayafikirii hata mara moja kwa mwaka. Maji yako kwenye tangi, na unajua ni kiasi gani. Ukioga ovyo leo, keshokutwa lazima uwashe injini uyafuate bombani. Umeme unatoka kwenye sola juu ya paa au kwenye injini, kwa hiyo siku ya jua ni siku ya kufua. Wakati wa baridi unawasha jiko la makaa ya mawe, na juu ya jiko hilohilo unachemsha chai na kubandika mchuzi uive taratibu. Mvua ikipiga paa la chuma usiku, unaisikia tone kwa tone. Na choo je? Tangi lake unalibeba mwenyewe kwenda kulimwaga. Picha za magazetini hazionyeshi hapo! Lakini mtu aliyewahi kununua maji kwa dumu anajua ninachosema. Kitu ulichokibeba kwa mkono wako hukitumii kwa dharau.

Halafu kuna mwendo. Kikomo cha kasi ni maili 4 kwa saa, yaani unakwenda sambamba na mtu anayetembea kwa miguu kando ya mfereji. Mnaweza kusalimiana na salamu ikafika mwisho. Penye mwinuko kuna ngazi za maji, vyumba vya matofali vyenye malango pande mbili. Unaingiza boti, unafunga lango, unazungusha mpini wa chuma, maji yanaingia na boti inapanda. Mfereji wa Grand Union, kutoka London hadi Birmingham, una ngazi hizo 166 katika maili 137. Malango ni mazito, unayasukuma kwa mgongo, na mara nyingi asiyekujua hata jina anakuja kusukuma upande wa pili. Wapo pia wenye boti za mafuta wanaopita wakiuza dizeli, makaa na mitungi ya gesi, wanajua nani ni mzee na nani ameishiwa. Huo ndio ujirani, na unatokana na kusogea.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sheria ya British Waterways ya mwaka 1995 inamruhusu mtu kupata leseni bila kuwa na gati la kudumu, kwa sharti kwamba awe msafiri wa kweli na asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Wengi wa wanaoishi majini wamechagua njia hiyo, au wamesukumwa nayo, maana gati la makazi mjini London ni adimu na ghali. Sasa angalia kilichofuata. Kuanzia Aprili 2024, wasiokuwa na gati walianza kutozwa nyongeza juu ya ada ya leseni: 5% kwa kuanzia, ikipangwa kupanda hadi 25% ifikapo 2028. Sheria inakwambia sogea, ankara inakwambia lipa kwa sababu unasogea. Haki iko wapi hapo?

Trust ina hoja zake, na tuzitazame. Inasema wasafiri hawa wanaitumia mifereji zaidi kuliko wengine, na kwamba fedha ni chache. La fedha ni kweli. Mabwawa na kuta nyingi vina umri wa miaka 200 hivi, na Julai 2023 serikali ilitangaza pauni milioni 400 kwa miaka 10 kuanzia 2027, kiasi ambacho Trust yenyewe ililalamika kwamba ni punguzo kubwa kwa thamani halisi. Sawa. Lakini pengo lililoachwa na serikali lizibwe na nani? Na fundi baiskeli, muuguzi na mstaafu wanaoishi ndani ya futi 7? Mbona anayejenga ghorofa na kuuza fleti kwa bei ya juu kwa sababu ya maji yaliyo chini ya dirisha haitwi kwanza mezani?

Wengine watasema: wapo wanaoganda mahali pamoja miezi na miezi. Wapo, na sheria ya kuwashughulikia ipo tangu 1995. Nyongeza hii haitofautishi mkaidi na mtiifu, inawachapa wote.

Na hii si mara ya kwanza mtu anayesogea kusahauliwa. Serikali ilipotoa msaada wa pauni 400 wa bili za nishati kwa kila kaya, majira ya baridi ya 2022 na 2023, waliokuwa wakisafiri bila gati la kudumu walijikuta nje ya mpango kwa kukosa anwani. Ada inawafikia popote walipo, msaada hauwaoni!

Historia nayo inatuonya. Reli ilipoanza kushindana na mifereji katika karne ya 19, malipo ya wenye boti yalishuka, na wengi wakahamishia wake na watoto ndani ili kuokoa kodi ya nyumba na mshahara wa vibarua. Familia nzima ililala kwenye chumba cha nyuma chenye urefu wa futi 10 hivi. Hali ikawa mbaya hadi Bunge likatunga Sheria ya Boti za Mifereji mwaka 1877. Wakati huo hakuna aliyeyaita maisha hayo raha ndogondogo. Baadaye, biashara ilipokufa na mifereji ikawa inafukiwa au kuachwa ioze, nani aliisemea? L.T.C. Rolt, aliyehamia kwenye boti yake Cressy mwaka 1939 na kuandika kitabu Narrow Boat mwaka 1944. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea njia za maji za ndani. Mtu aliyeishi majini alisaidia kuyaokoa maji ambayo leo yanapandisha bei za fleti.

Kwa hiyo ninyi mnaopenda picha za birika na bata, mkumbuke kwamba birika lile lina mwenyewe. Mfereji usio na wakazi ni mtaro mrefu wenye maji yaliyotuama, hauna moshi wa jiko, hauna wa kukusaidia kusukuma lango, hauna jicho linaloangalia njia usiku. Nyongeza hii ifutwe. Serikali ilipe sehemu yake, na wanaouza mandhari wachangie mandhari.

Haya, nimesema. Mwenye hoja tofauti ailete tubishane kwa heshima, ila asinianze na bata.