Msongamano juu ya elektrodi
Anayejaza elektrodi yake vichocheo hadi pomoni huenda anatupa madini bure. Chukua fthalosianini ya kobalti, molekuli bapa ya rangi ya buluu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba ikitandazwa moja moja juu ya mirija midogo mno ya kaboni, huipa hewa ukaa elektroni, ikaigeuza kuwa kaboni monoksidi, kisha ikaisukuma mbele hadi methanoli. Zikirundikana, methanoli haipatikani. Molekuli bapa hulaliana kama chapati kwenye sahani: za juu ziko mbali na umeme, za chini hazifikiwi na gesi. Ndiyo maana siziamini sana ripoti zinazojigamba kwa mkondo wa jumla bila kueleza ni atomu ngapi za kobalti zilizofanya kazi kweli. Ila kutawanya nako si dawa ya kila kitu. Stanford, mwaka 2011, wanakemia walifunga molekuli zenye shaba na fenantrolini kwenye kaboni ili zigeuze oksijeni kuwa maji. Volteji ikiwa ya wastani, kasi ilifuata mraba wa msongamano: molekuli zikiongezeka maradufu kwenye eneo lilelile, kasi hupanda mara nne hivi. Walichohitimisha ni kwamba shaba moja peke yake haiwezi kuikabili oksijeni vizuri. Lazima awepo jirani aliye karibu kiasi cha kuishika upande wa pili.